Ghorofa Tatu hadi Mbale

Ijumaa, saa tatu usiku, mtaa wa Kiti, Nakuru.
Nimegeuza kalenda ya mwaka jana, mgongo wake mweupe,
nachora barabara kwa penseli ya mtoto.
Keki imelala kwenye friji tuliyoing'oa rafu:
ghorofa tatu, kilo kumi na nane, mawaridi ya sukari
niliyoyakunja petali moja moja hadi vidole vikafa ganzi.
Kesho saa nne asubuhi inatakiwa Mbale, ikiwa imesimama,
kwa Kageha, binti wa dada yangu, asiyependa chokoleti.

Nampigia Shikuku. Huyu huendesha lori la saruji,
barabara anaijua kama ulimi ujuavyo jino bovu.
"Salgaa wamefukua upande wa kushoto," ananiambia.
"Kuna kijana wa bendera, kijani na nyekundu.
Akienda kunywa chai, nyinyi mtakunywa vumbi."
Naandika: Salgaa, kabla ya saa kumi na moja alfajiri.
Kabla chai haijachemka.

"Na Sachang'wan?"
"Mlima ni ule ule. Malori yanapanda yakikohoa.
Usiyapite. Keki haina haraka, wewe ndiye una haraka."

Mau Summit njia inapasuka, na penseli inasita.
Kushoto, Kericho: lami laini, majani ya chai pande zote,
lakini Awasi wamemwaga kokoto katikati ya njia
na Kondele Jumamosi ni Kondele Jumamosi.
Ningekata kwa Muhoroni? Trekta za miwa,
trela mbili mbili, hazina taa wala aibu.
Kulia, Timboroa: baridi, nzuri kwa siagi,
kisha Kapsabet, kisha kona za kushukia Chavakali,
kona zinazomkumbusha mtu alichokula jana.

Nafuta. Nachora. Karatasi imetoboka pale Londiani.

Gathogo, mume wangu, mwashi, hasemi kitu.
Anatandika godoro nyuma ya gari, juu yake ubao,
juu ya ubao pimamaji lake la kazini.
Anapunguza upepo wa magurudumu kwa kidole gumba,
anasikiliza, kama daktari.
"Matuta ni mangapi?" anauliza.
Shikuku ameyahesabu: sitini na mawili,
ukiacha yale ambayo wanakijiji wamejijengea wenyewe.
Tukachagua baridi. Tukachagua kona.

Safari yenyewe sina mengi ya kuisimulia.
Salgaa yule kijana alikuwa macho, kikombe mkononi,
akatupungia kijani bila hata kututazama.
Timboroa ukungu ulituramba vioo.
Mimi sikuona msitu, sikuona ng'ombe wa Nandi;
nilikaa nimegeuka nyuma, shingo kama ya bundi,
nikikitazama kiputo cha pimamaji
kinavyotetemeka kati ya mistari miwili.
Kila tuta Gathogo alilipanda kwa dua.

Saa tatu na dakika arobaini, langoni kwa shemeji Asiligwa,
gari likasimama.

Mtaro. Kina cha goti, kutoka ua hadi ua.
Ameuchimba jana jioni, apitishe bomba,
wageni wasije wakanawa kwa jagi.
"Si mngenipigia simu," akasema, akipangusa jembe.

Nilimpigia kila mtu kuanzia Nakuru hadi Chavakali.

Wakang'oa mlango wa jikoni, bawaba na yote,
wakaulaza juu ya mtaro, vijana wanne wakashika ubao,
hatua fupi fupi, vichwa chini, kama wabeba jeneza,
ila mmoja alikuwa anajizuia kucheka.
Gathogo mbele, macho kwenye kiputo:
"Kushoto kidogo. Kidogo. Basi."
Waridi moja likaanguka udongoni. Kuku akaliwahi.

Dirisha likafunguka, Kageha, rola kichwani:
"Shangazi! Ni ya limau?"

Ni ya limau, nikamjibu,
mguu mmoja huku, mmoja kule,
mlango ukilia chini yangu.